Urukususu, vidonda vya tumbo na presha iliyopanda

Swali: Nina umri wa miaka 51 na vidonda vya tumbo vya muda mrefu. Mwezi uliopita nilianza kuchemsha mizizi ya urukususu. Kila asubuhi napima gramu 15 za vipande, nachemsha, nakunywa vikombe vitatu hadi jioni, na kusema kweli kiungulia kimepungua sana. Lakini presha yangu, ambayo ilikuwa imetulia kwa dawa, sasa inasoma 158 kwa 96. Vifundo vya miguu vimevimba na usiku vigimbi vinakaza hadi naamka. Dawa zangu ni amlodipini na haidroklorothayazaidi. Binti yangu ana mimba ya miezi mitano, naye hunywa kikombe kimoja changu kila siku kwa ajili ya kikohozi. Je, mizizi hii yaweza kuwa ndiyo sababu, ilhali kila mtu anasema ni dawa ya asili isiyo na madhara? Na kweli inatibu vidonda, au najidanganya? Kuna namna yoyote ya kuendelea nayo?

Jibu:

Mama, nianze na la haraka. Acha kunywa leo, na binti yako naye aache leo. Kesho asubuhi nenda hospitali upimwe presha, potasiamu ya damu, utendaji wa figo na umeme wa moyo. Usiache dawa zako za presha kwa uamuzi wako, wala usiongeze dozi. Ukihisi moyo unaruka mapigo au unakwenda mbio bila sababu, ukipata maumivu ya kifua, ukizimia, au misuli ikikosa nguvu kiasi cha kushindwa kuinuka kitini, usingoje kesho, nenda usiku huohuo.

Ukifika kwa daktari, mtajie urukususu kwa jina, kiasi cha gramu 15 kwa siku, na umetumia kwa muda gani. Nalisisitiza hili kwa sababu kwenye kazi yangu ya ufamasia naona watu wengi wakiulizwa "unatumia dawa gani?" hutaja vidonge peke yake. Daktari asiyejua habari ya mizizi ataona presha imepanda na miguu imevimba, na hatua ya kawaida hapo ni kuongeza dawa ya kutoa maji mwilini. Kwako wewe hatua hiyo ingezidisha hatari, na nitakueleza kwa nini.

Presha kupanda, miguu kuvimba na misuli kukaza, vikija pamoja kwa mtu anayekunywa urukususu kila siku, ni picha ambayo matabibu wanaifahamu vizuri. Amlodipini nayo huweza kuvimbisha vifundo vya miguu, kwa hiyo siwezi kuthibitisha kwa barua. Vipimo ndivyo vitakavyosema. Ila ningeshangaa mzizi huu usipokuwa na mkono wake hapa.

Ukivunja kipande kikavu cha urukususu utaona ganda la kahawia na ndani yake nyuzi za manjano. Ukikitafuna, utamu unachelewa kidogo kuja, halafu unakaa ulimini kwa muda mrefu. Ukikichemsha, maji hutoa povu. Utamu huo na povu hilo vinatokana na kitu kimoja, glisirizini, ambayo utamu wake hukadiriwa kuwa mara 30 hadi 50 ya ule wa sukari. Hiyo glisirizini haifyonzwi kwa wingi jinsi ilivyo. Inapofika kwenye utumbo, bakteria wa humo huivunja kuwa asidi ya gliseretiniki, na hiyo ndiyo inayoingia kwenye damu na kufanya kazi, ya kheri na ya shari.

Figo zina vipokezi vya homoni iitwayo aldosteroni. Aldosteroni ikikaa kwenye vipokezi hivyo, figo hubakiza chumvi na maji na kutoa potasiamu kwenye mkojo. Sasa mwili una homoni nyingine, kortisoli, ambayo nayo inaweza kukaa kwenye vipokezi hivyohivyo, na kiasi chake kwenye damu ni mara mia hadi elfu ya aldosteroni. Ingeachwa iingie, chumvi ingejaa mwilini. Kinachotuokoa ni kimeng'enya kilichomo ndani ya seli za figo, ambacho kazi yake ni kama ya bawabu: kila kortisoli inayofika mlangoni huigeuza kuwa kortisoni, ambayo kwenye vipokezi hivyo haina nguvu. Asidi ya gliseretiniki humfunga bawabu huyo mikono. Kortisoli inapita, chumvi na maji vinabaki, presha inapanda, miguu inavimba, na potasiamu inatoka na mkojo. Potasiamu ikipungua, misuli hukaza au kulegea, na moyo, ambao nao ni misuli, unaweza kupoteza mpangilio wa mapigo yake.

Hapo ndipo haidroklorothayazaidi yako inaponitia wasiwasi kuliko kitu kingine chochote katika barua yako. Dawa hiyo ni ya kutoa maji mwilini, nayo hutoa potasiamu kwenye mkojo. Umekuwa ukiipoteza kwa njia mbili kwa wakati mmoja. Furosemaidi, dawa nyingine ya kutoa maji, ingefanya vivyo hivyo. Ndiyo maana nimesema kuongezewa dawa ya kutoa maji kabla potasiamu haijapimwa kungekuwa hatari.

Je, unajidanganya kuhusu tumbo? Hapana. Nafuu uliyoipata ni ya kweli. Katika miaka ya 1940 daktari mmoja wa Uholanzi, F. E. Revers, alifuatilia wagonjwa wa vidonda vya tumbo waliokuwa wakipona kwa dawa ya urukususu iliyotengenezwa na mfamasia. Aliijaribu kwa wagonjwa wake, na mwaka 1946 akaandika alichokiona: ilisaidia vidonda, lakini kama mgonjwa mmoja kati ya watano alivimba. Mwaka 1950 madaktari wengine wa nchi hiyohiyo walionyesha kwamba dondoo la mzizi huu hufanya kazi inayofanana na ya homoni ya kubakiza chumvi, na wakalitumia hata kuwasaidia watu wenye ugonjwa wa Addison, ambao tezi zao zimeshindwa kutengeneza homoni hiyo. Ilichukua hadi mwaka 1987 ndipo watafiti wa Edinburgh, Uskoti, walipoonyesha kwamba siri iko kwenye kile kimeng'enya cha figo. Kwa hiyo madhara uliyoyapata wewe yameandikwa kwenye vitabu vya tiba kwa muda mrefu sawa na faida uliyoipata.

Kutokana na kazi ya Revers ikatengenezwa karbenoksoloni, dawa ya vidonda iliyotokana na asidi ileile ya gliseretiniki, na ikatumika Uingereza tangu miaka ya 1960. Iliponya vidonda. Pia iliwapandishia watu presha na kuwashushia potasiamu, na cimetidini, dawa nyingine ya vidonda, ilipoingia sokoni mwaka 1976, karbenoksoloni ikaanza kuwekwa kando. Mimi naichukulia historia hii kuwa ushahidi mzuri kuliko matangazo yote ya mitishamba, kwa sababu inaonyesha mzizi huu una nguvu ya kweli. Kitu chenye nguvu ya kweli hakiwezi kukosa madhara eti kwa sababu kimechimbwa ardhini.

Tumboni, urukususu huongeza ute unaofunika ukuta wa tumbo na hurefusha maisha ya prostaglandini, ambazo ndizo zinazoulinda ukuta huo dhidi ya asidi. Lakini vidonda vingi vina chanzo, na chanzo hicho kwa kawaida ni bakteria wa Helicobacter pylori, au dawa za maumivu kama diklofenaki, ibuprofeni na aspirini. Maabara zimeonyesha kuwa baadhi ya viambato vya mzizi huu huwasumbua bakteria hao kwenye vyombo vya kioo, ila kikombe cha chai yake hakiwaondoi tumboni mwa mtu. Unaweza kujisikia vizuri mwezi mzima huku bakteria wamekaa palepale. Hujaniambia kama uliwahi kupimwa. Kama bado, omba kipimo cha pumzi au cha choo. Wakionekana, tiba ni antibiotiki zaidi ya moja pamoja na dawa ya kupunguza asidi, kwa siku 10 hadi 14, na kwa wengi hapo ndipo vidonda huisha. Na kama unameza dawa za maumivu mara kwa mara kwa ajili ya mgongo au magoti, hilo nalo mwambie. Ukiona choo cheusi chenye kunata, ukitapika damu, au ukipungua uzito bila kujua kwa nini, hayo si ya kutibu nyumbani.

Tuje kwenye kipimo. Inawezekana ulisoma mahali kwamba gramu 15 kwa siku zinaruhusiwa. Mwongozo wa zamani wa Ujerumani, wa Kamisheni E, kamati iliyokagua dawa za mitishamba, kweli ulitaja gramu 5 hadi 15 za mzizi kwa siku, kwa muda usiozidi wiki nne hadi sita bila usimamizi wa daktari. Mwongozo huohuo uliwakataza kabisa watu wenye presha, wenye potasiamu pungufu, wenye ugonjwa mkali wa figo au wa ini, na wajawazito. Mara nyingi mwenye kunakili huchukua nambari na kuliacha katazo.

Mzizi mkavu mara nyingi una glisirizini ya asilimia 2 hadi 6, wakati mwingine zaidi. Tuchukue asilimia 4: gramu 15 zinabeba miligramu 600. Hata kama nusu tu ndiyo imetoka kwenye maji, umekuwa ukinywa kama miligramu 300 kwa siku. Kiwango kinachotajwa na wataalamu wa Shirika la Afya Duniani na wa Umoja wa Ulaya kuwa hakitarajiwi kuwadhuru watu wazima wengi ni miligramu 100. Na hata hiyo 100 ina mashaka: mwaka 2024 watafiti wa Chuo Kikuu cha Linköping, Uswidi, waliwapa vijana wenye afya kiasi hicho kila siku kwa wiki mbili, na namba ya juu ya presha yao ikapanda kwa wastani wa pointi 3 hivi. Kwa kijana ni kidogo. Kwa mtu ambaye tayari ana presha na anameza dawa, ni kidogo kinachoanza juu ya kingi. Utafiti wa Iceland wa mwaka 2001 ulionyesha kuwa kadiri kiasi kinavyoongezeka ndivyo presha inavyopanda, na kwamba wiki mbili zinatosha kuona tofauti. Na mwaka 2020 jarida la tiba la New England lilichapisha habari ya mwanamume wa miaka 54 huko Massachusetts, Marekani, ambaye moyo wake ulisimama baada ya wiki kadhaa za kula kila siku pipi zenye urukususu. Potasiamu yake ilikuwa imeshuka sana, na hakupona. Sikuandikii haya ili usikose usingizi. Nataka uende kupima kesho, usiseme "nimeshaacha, yatapita yenyewe".

Yatapita, lakini polepole. Asidi ya gliseretiniki huzunguka kati ya ini na utumbo kabla ya kutoka, na figo huchukua wiki moja, mbili au zaidi kurudi katika hali yake. Homoni za kusawazisha chumvi huweza kuchelewa hata miezi. Kwa hiyo usipime presha siku ya tatu, ukaikuta bado iko juu, ukahitimisha kuwa mzizi hauhusiki. Katika kipindi hicho daktari anaweza kusimamisha haidroklorothayazaidi, kukupa potasiamu, au kukuandikia spironolaktoni, ambayo huziba vile vipokezi vilivyovamiwa. Usijinunulie vidonge vya potasiamu mwenyewe. Figo zikiwa na kasoro, potasiamu iliyozidi nayo inasimamisha moyo.

Sasa binti yako. Kile kimeng'enya kipo pia kwenye kondo la nyuma, na huko kinamkinga mtoto asifikiwe na kortisoli nyingi ya mama. Ufini, ambako pipi za urukususu huliwa sana, watafiti waliona kuwa wajawazito waliotumia miligramu 500 au zaidi za glisirizini kwa wiki walijifungua mapema kuliko wengine kwa wastani. Kisha mwaka 2017 walichapisha matokeo ya vijana 378: wale ambao mama zao walitumia kiasi hicho kikubwa walipata alama pungufu katika vipimo vya akili walipokuwa na umri wa miaka 12 hivi. Kikombe kimoja chako kwa siku, kwa hesabu ile niliyoifanya, kinamfikisha kwenye eneo hilo. Hata hivyo, mwambie asihofu kupita kiasi. Tafiti hizo ziliwafuatilia watu na kulinganisha makundi, hazitabiri kitakachompata mtoto mmoja, na yeye anaacha sasa. Aende kliniki apimwe presha, aseme alichokunywa, na kikohozi chake kiangaliwe kivyake, kwa sababu kikohozi kisichoisha kwa mjamzito kinahitaji kujulikana chanzo.

Umeuliza pia, kwa maneno yako, kama "kuna namna yoyote" ya kuendelea na mizizi hii. Ipo aina ya dondoo ambalo glisirizini imeondolewa karibu yote, huuzwa kama vidonge vya kutafuna kabla ya chakula. Kwa kuwa kinachopandisha presha kimetolewa, hatari ni ndogo sana. Lakini majaribio yake kwa vidonda, mengi ya miaka ya 1960 na 1970, yalitoa majibu yanayopingana. Mengine yaliona nafuu, mengine hayakuona tofauti na kidonge kitupu. Mimi nisingekuzuia, ila baada ya presha na potasiamu kutulia, na baada ya swali la bakteria kupata jibu. Kwa mzizi wenyewe, wa kuchemsha, jibu langu kwako ni hapana, hata kwa kiasi kidogo.

Mtu asiye na presha, ugonjwa wa moyo, figo au ini, asiye mjamzito wala mwenye kunyonyesha, mwenye umri wa miaka 18 na kuendelea, na asiyetumia dawa za kutoa maji, digoksini (dawa ya moyo), prednisoloni au warfarini, anaweza kutumia gramu moja na nusu hadi mbili za mzizi kwenye kikombe cha maji ya moto, mara mbili kwa siku, kwa kikohozi chenye makohozi au tumbo lililochafuka. Siku chache, wiki moja au mbili, kisha aache. Mwenye kutumia digoksini namtaja kwa makusudi: potasiamu ikishuka, dozi ileile ya kila siku hugeuka sumu.

Matumizi ninayoyapenda zaidi ni ya koo, na ni kwa sababu hayahitaji kumeza. Mwaka 2013 madaktari wa Vienna, Austria, waliwasukutulisha wagonjwa maji ya urukususu kwa dakika moja kabla ya kupewa usingizi wa operesheni, halafu wakalinganisha na waliosukutua maji ya sukari. Maumivu ya koo yanayoletwa na mpira wa kupumulia yalipungua karibu kwa nusu. Walitumia nusu gramu ya dondoo katika mililita 30 za maji. Kwa koo linalowasha, sukutua na uteme. Kinachoingia mwilini ni kidogo. Hata wewe, presha ikishatulia, unaweza kumuuliza daktari wako kuhusu hilo.

Kwenye ngozi pia kuna la maana. Mafuta ya kupaka yenye asilimia 2 ya dondoo la urukususu yalipunguza wekundu, uvimbe na mwasho wa pumu ya ngozi katika jaribio la mwaka 2003, na glabridini, kiambato kingine cha mzizi huu, huzuia kimeng'enya kinachotengeneza rangi ya ngozi, ndiyo maana unaikuta kwenye krimu za madoa. Huko Japani glisirizini huchomwa kwa sindano kwa wagonjwa wa homa ya ini ya muda mrefu. Hupunguza uharibifu wa seli za ini lakini haiui kirusi, na hutolewa hospitalini huku potasiamu ikipimwa. Asikuambie mtu kwamba chai ni sawa na sindano hiyo.

Kuna dai moja ninaloliona limezagaa, kwamba urukususu huongeza nguvu za kiume. Utafiti wa Italia wa mwaka 1999 uliwapa wanaume saba gramu 7 za dondoo kwa siku, na testosteroni yao ikashuka wakati wakitumia, ikapanda tena walipoacha. Tafiti za baadaye zilipata mshuko mdogo zaidi. Hakuna hata moja kati ya hizo inayompa muuzaji haki ya kudai kuwa inapanda.

Kabla hujatoka kwenda hospitali, pitia kabati lako. Urukususu huwekwa kwenye chai za mchanganyiko za kupunguza unene, za kulainisha choo na za "kusafisha mwili", kwenye dawa za maji za kikohozi na kwenye pipi nyeusi, mara nyingi kwa ajili ya kuficha uchungu wa vitu vingine. Soma orodha ya viambato. Tafuta jina la Kilatini Glycyrrhiza, maana mara nyingi ndilo linaloandikwa, kwa herufi ndogo sana. Pipi nyingi zinazofanana nazo kwa ladha zina mafuta ya anisi tu, na hizo hazigusi figo. Chochote chenye neno Glycyrrhiza kiweke kwenye mfuko mmoja pamoja na vidonge vyako vyote na ile mizizi iliyobaki, umpelekee daktari aone kwa macho yake.